Nilimzika Mume Wangu Mzima, Leo Binti Yangu Anahitaji Figo

Admin, jina langu lifiche, ila maneno mengine usipunguze hata moja. Nina miaka sitini na minane, mzaliwa wa Uvira, mjane. Naishi na binti yangu wa pekee katika nchi ya baridi iliyotupokea kama wakimbizi. Mimi si mtu wa kulialia, hapa kanisani kwetu wananiogopa kwa mdomo wangu. Lakini hili nimekosa wa kumwambia.

Nianzie mbali kidogo mnielewe. Baba yangu alikuwa mbeba mizigo bandarini Kalundu, palepale Uvira. Wakati wa uasi, miaka michache baada ya uhuru, mimi nikiwa na miaka saba, alitoka asubuhi kwenda kazini. Watu wenye bunduki wakawachukua wote waliokuwa pale, hakurudi tena. Mama alingoja mpaka wakubwa wa ukoo wakachoka. Wakakata mgomba, wakauvalisha shati la baba, wakauzika. Niliugusa kabla haujashushwa. Shati lilikuwa limelowa maji ya mgomba. Siku ile niliapa kwamba mtu wangu mwingine nitamzika mwenyewe, akiwa mzima, kila kitu mahali pake.

Miaka minne iliyopita mume wangu alipasuka mshipa wa kichwa. Daktari akasema ubongo umekufa, ni mashine tu inayompumulisha. Kisha muuguzi akanionyesha karatasi. Mume wangu alikuwa amesaini kwamba akifa, figo zake na viungo vingine wapewe wagonjwa. Hakuwahi kuniambia, maana aliujua mdomo wangu! Nilikasirika kana kwamba nimemfumania. Wakaniuliza kama familia inakubali. Binti yangu alikuwa bado njiani kutoka kazini, mji wa mbali. Nikakataa. Karatasi nikaikunja, nikaitia mkobani.

Kwenye matanga mzee wa kanisa letu alinisimamisha mbele ya watu. "Huyu mama iko na nguvu," akasema. "Hakuacha wamukate baba yetu. Ameenda mu kaburi muzima." Watu wakapiga makofi. Siwafichi, nilifurahi. Habari ya karatasi sikuitaja kwa mtu.

Mwaka jana figo za binti yangu zikafa. Mara tatu kwa wiki anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Nilijitoa wa kwanza, wakanikataa kwa sababu nina kisukari. Wale waliopiga makofi wanatuletea mboga ya sombe na maombi, wanakaa kidogo, wanaondoka. Ukitaja kupimwa ili wamchangie figo, kila mmoja anakumbuka kwamba ana haraka. Kijana mmoja aliniuliza, "Mama, siku ya ufufuo minye nitasimama na figo moja?" Maneno hayo alikuwa ameyasikia kwangu, siku zile za matanga.

Juzi, akiwa kwenye mashine, binti yangu alinishika mkono. "Mama, weye wanakusikilizaka. Jumapili simama mu kanisa, uwaambie wasaini karatasi za kutoa viungo, hata kama haiko kwa ajili yangu. Papa angekuwa iko, angenipatia yake."

Nikasema nakwenda chooni. Nilikaa humo mpaka wakanigongea mlango.

Mume wangu amelala makaburini, mzima, kama nilivyotaka. Nikienda kumtembelea sijui hata nianzie wapi kumsemesha. Labda kuna mama mwingine mji huu aliyekuwa anazingojea figo zile kwa mtoto wake. Simjui, lakini siku hizi namuwaza kuliko ndugu zangu.

Karatasi ningali nayo mkobani. Nikiisoma kanisani, huenda watu wakasaini, maana mume wangu walimheshimu. Lakini binti yangu atajua kwamba baba yake alisema ndiyo na mimi nikasema hapana, kisha nikamficha miaka minne. Akinichukia, sina mwingine duniani wa kuniita mama.

Jumapili ni keshokutwa. Wazazi wenzangu, mlio ugenini na mlio nyumbani Uvira, msinionee haya, nishaurini. Niisome au niichane?