Mawe ya Mama

Juzi nilipita Kharumwa, nikawaona akina mama wamekaa juani wakiponda mawe ya dhahabu kwa nyundo. Nilimkumbuka mama, tuliyemzika juzijuzi kwa ugonjwa wa kifua.

Nilipokuwa mtoto, mchana mmoja nilitoka kanisani, ambako tulifundishwa jinsi Shetani alivyomjaribu Yesu jangwani akiwa na njaa, akamwambia ageuze mawe yawe mkate, naye akakataa. Nikamkuta mama akiponda, mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope, ananukia jiwe lililopasuka. Nikaanza kulia.

“Mama, acha! Shetani ndiye anayekutuma.”

“Shetani gani tena, ng'wanone, mwanangu?”

“Unageuza mawe yawe ugali. Yesu alikataa!”

Wenzake wakaangua kicheko. “Mama Kabula, umetuzalia mchungaji!”

Mama hakucheka. Alikohoa kwanza, kisha akasema taratibu, “Yesu hakuwa na watoto wa kulisha.”

Nilisusa ugali wa mchana ili nimwokoe. Shetani nilimwogopa, vumbi lile sikulijua. Jioni njaa ilinishinda, nikala ugali wote, naye akakaa akinitazama, akikohoa.