Wamekuja Kuniombea kwa Sababu Nimerudi Kutoka New York

Leo nimeombewa kama mgonjwa, na mimi ni mzima kabisa!

Kikundi cha maombi cha shangazi yangu kimejaa hapa kwangu, mtaa wa Migosi. Wamesikia nimerudi kutoka New York na sina mpango wa kwenda tena, wakaja kunipa pole.

Mama mmoja akanishika kichwa, akakemea roho ya kurudi nyuma.

Nikamwambia, "Mama, ngoja kwanza. Mimi sikufukuzwa. Nilihama."



Nikawaeleza: nilifanya kazi mbili, na bado kodi ya nyumba ilimeza karibu kila kitu. Nilikuwa nalala kwa sebule ya watu, nyuma ya pazia.

Shangazi akashtuka. "Sasa wageni ulikuwa unawakaribisha wapi?"

"Hakukuwa na wageni, Anti. Miaka yote hiyo."

Wakaweka vikombe chini. Hata chai ilisahaulika.

Halafu shangazi akafumba macho tena. "Basi tuwaombee wale wamebaki huko."

Kuna mwingine anataka kunipa pole? Mlango uko wazi. Samaki iko jikoni, na viti ni vyangu vyote. Njoo na njaa!