Upande wa Kushoto wa Jangwa

Kazini walimwita Sherifu, na wengi hawakujua jina hilo lilitoka wapi. Lilitoka kwenye gemu. Enzi za ujana wake, kabla hajajua hata winchi inaendeshwaje, alikuwa hashikiki katika gemu moja la wapanda farasi: jangwa pana, miji ya mbao iliyojaa vumbi, majambazi wanaokuvizia popote unapokatiza. Unaenda unakotaka, unakuwa unayetaka, na yeye kila mara alitaka kuwa sherifu, mkuu wa sheria wa mji. Dada yake mdogo alikaa ubavuni mwake, akimchagulia farasi na kumzomea akichelewa kuchomoa bastola. Hakuchelewa mara nyingi.

Miaka ikaenda. Sherifu akawa dereva wa winchi kwenye majengo marefu, mtu wa kukaa juu peke yake ndani ya kibanda cha vioo, akishusha mzigo wa chuma polepole kama mama anayelaza mtoto. Dada yake akafungua saluni katika chumba cha mbele cha nyumba waliyoachiwa na wazazi, nao wakaendelea kuishi humo, wakigombana na kupatana.

Siku moja aliteguka mguu akishuka kwenye lori, akaambiwa akapumzike. Kukaa bure kulimshinda. Jumapili moja mchana, saluni ikiwa imefungwa, akaifukua mashine ya gemu kutoka chini ya kabati, akaipuliza vumbi na kuiunganisha kwenye televisheni ya wateja.

Muziki ulipoanza wote wawili walicheka. Jangwa lilikuwa lilelile. Akapanda farasi, akaelekea mjini, na kabla hajafika kwenye nyumba ya kwanza akapigwa risasi. Akaanza upya. Akapigwa tena. Mara ya tatu hata farasi hakupata muda wa kukimbia.

"Gemu limeharibika hili," alisema. "Wananipiga watu wasiokuwepo."

"Wasiokuwepo vipi? Si huyo kasimama mlangoni!"

"Mlango gani?"

Dada alidhani anamtania. Alicheka, kisha akamtazama usoni na kicheko kikamkauka. Kaka yake alikuwa amekodoa macho kwenye kioo, jasho likimtoka, akitafuta mlango ambao ulikuwa pale pale mbele yake.

Akasimama kando ya televisheni, akaweka kidole upande wa kushoto, juu ya kofia ya jambazi.

"Ukodolee macho mti ule wa katikati, kaka. Usigeuze kichwa. Kidole changu kiko wapi?"

"Usinifanye mtoto."

"Nimekuuliza kiko wapi."

Sherifu aliukodolea mti, akakitafuta kidole. Ndipo akageuza kichwa, na kidole kikatokea ghafla, kana kwamba kimetoka ukutani. Kwenye kioo farasi alikuwa akikwangua mchanga kwa kwato, akimsubiri.

Dada akaanza kukumbuka vitu alivyokuwa akivichukulia utani: vikombe ambavyo kaka yake alivipiga kumbo mezani, bega la kushoto lililojaa alama kwa kugonga miimo ya milango. "Uzee huo unabisha hodi," alikuwa akimwambia. Sasa hakutamani kucheka.

"Kesho twende hospitali."

"Nikawaambie nini? Kwamba nimeuawa na majambazi wa kwenye televisheni? Watanipeleka wodi ya vichaa." Akaizima mashine. "Nimekaa muda mrefu sijashika gemu, basi. Yaishe."

Hayakuisha. Mguu ulipopona alirudi kazini, akapanda ngazi za winchi huku akijiambia kwamba akigeuza kichwa kila mara mambo yatakwenda. Na yalikwenda, mpaka siku waliyokuwa wakipandisha mafungu ya nondo. Alizungusha mkono wa winchi kuelekea kushoto. Palikuwa peupe, hapana mtu. Ghafla redio ya kibandani ikalipuka kwa kelele: "Simama! Simama!"

Akasimamisha. Mzigo ukabaki ukining'inia na kuyumba. Ndipo akageuza kichwa na kumwona mpiga ishara, yule wa kumwelekeza mizigo kutoka chini, mtu aliyefanya naye kazi miaka mingi, amelala kifudifudi juu ya zege, mikono kichwani. Nondo zilikuwa zimepita juu ya mgongo wake na kuondoka na kofia yake ngumu. Haikupita hata dakika akainuka, mzima.

Sherifu alishusha mzigo chini, akazima mashine, akateremka. Msimamizi alikuwa akimngoja chini ya ngazi.

"Jua lilikupiga machoni, siyo?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayempa mwenzake mlango wa kutokea.

Ingetosha kusema ndiyo. Sherifu alimtazama mpiga ishara, aliyekuwa ameketi kwenye mfuko wa saruji akijaribu kunywa maji yaliyokuwa yakimwagikia kifuani.

"Hapana," alijibu. "Sioni upande wa kushoto. Na nilijua."

Daktari alimpima macho yote mawili. "Macho yako hayana kasoro," alisema. "Tatizo liko nyuma yake, kichwani." Picha zilionyesha uvimbe, nao haukuwa wa jana wala juzi.

Walimpasua. Upande wa kushoto haukurudi, na winchi hakuipanda tena. Sasa yuko stoo, anatoa kofia na glavu kwa wanaoingia zamu. Kuna kipande cha uvimbe ambacho madaktari hawakuthubutu kukigusa. Wanasema kimelala. Dada yake aliwauliza kitaamka lini. Daktari akawapangia tarehe ya kurudi, akaita mgonjwa mwingine.