Shimo la Kukalia

Binti yangu alifikisha miezi tisa bila kukaa. Ukimweka chini anaporomoka ubavuni kama gunia lililofunguliwa kamba. Mtoto wa jirani, aliyepishana naye wiki moja, alikuwa ameshaanza kujilisha udongo wa uani kwa mikono yake mwenyewe, na mama yake hakuchoka kunionyesha. Nilimchukia yule mama, Mungu anisamehe.

Tulikuwa Gudele, mtaa wa pembezoni mwa mji, miaka ile ya vita, na hofu yangu ilikuwa moja tu: kwamba mwanangu hatatembea. Sababu nilikuwa nimeshajipa. Siku aliyozaliwa risasi zililia, naye akatupa mikono yote miwili hewani, akatetemeka, kisha akaikunja kifuani kama anayekumbatia mtu. Tangu siku hiyo, mlango ukigongwa, vilevile. Kikombe kikianguka, vilevile. Nikasema basi, vita vimemwingia kwenye mishipa. Baada ya miezi michache ule mshtuko uliisha wenyewe, lakini mimi sikuachana na wazo langu.

Mama mkwe wangu, niliyeishi naye nyumba moja, alilea watoto saba ukimbizini Uganda, na wote aliwakalisha shimoni. Unachimba shimo dogo kivulini, kina chake kiuno cha mtoto, unatandika kitambaa, unamweka, unamshindilia nguo pembeni asianguke. Mgongo utajifunza wenyewe. Kila asubuhi aliniomba ruhusa ya kuchimba, na kila asubuhi nilimkatalia, mwanzoni kwa adabu.

Mimi nilijiona ndiye mwenye akili. Begi la kukimbilia lilikaa mlangoni, lina maji, biskuti na vyeti vyetu, na mtoto alikaa mgongoni. Nilikanda unga wa chapati naye mgongoni, nilifua naye, nilichota maji naye. Nilimshusha kunyonya, kuoga na kulala, basi. Nilimwambia Mama kwamba mtu anayekimbia hana muda wa kung'oa mtoto ardhini kama muhogo. Alicheka, halafu akaninunia siku mbili.

Mwishowe nilimpeleka kliniki, nimeshajiandaa kwa habari mbaya. Muuguzi, mama mtu mzima wa maneno machache, alimpapasa nyayo, akamkunja magoti, akamvuta mikono. Nikamweleza habari za risasi. Akasema mshtuko ule kila mtoto huzaliwa nao, hata aliyezaliwa penye amani, na ukiondoka umeondoka kwa wakati wake. Kisha akamshika kiunoni, akamwinamisha ghafla, kichwa mbele, kuelekea kitandani. Loo! Niliruka nimpokonye. Lakini binti yangu alikuwa ameshanyoosha mikono yote miwili, vidole wazi, aidake ile shuka.

"Unaona? Mwili uko tayari," muuguzi akasema. "Huyu anajua kujikinga. Ardhi tu ndiyo hujamwonyesha. Kwani mgongoni anashuka saa ngapi?"

Aibu ilinishika, na chini ya ile aibu kulikuwa na furaha ambayo nusura inilize mbele za watu. Mtoto hakuwa na ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa wangu, na nilikuwa nimemfunga nao kwa kanga.

Nilifika nyumbani nikalichukua jembe mwenyewe, nikampa Mama kwa mikono miwili. Alimaliza chai yake kwanza, taratibu, mpaka sukari ya chini, ndipo akachimba.

Siku ya kwanza nilikaa kando ya shimo kama askari wa zamu. Mgongo wangu ulikuwa mtupu, nikahisi baridi jua likiwaka. Yeye wala! Aliupiga udongo makofi, akacheka, akaula. Sijawahi kufurahi kumwona mtu akila udongo namna ile. Hata jirani nilimwita aje aone. Wiki kadhaa baadaye tulilifukia shimo, mtoto akawa anakaa mkekani bila kuegemea kitu. Kutambaa ndiko kulikokawia.

Halafu alasiri moja, nikiwa naanika nguo, risasi zikalia karibu. Baadaye tulisikia zilikuwa za harusi, lakini saa ile nani angejua? Nilitupa nguo, nikakimbilia mkekani, nikageuza mgongo, nikainama kama kawaida yangu na kunyoosha mikono nyuma nimpokee. Mikono ikashika hewa. Niligeuka: mkeka mtupu.

Alikuwa ameshanipita. Kwa magoti na viganja, matako juu, alikuwa anakata uwanja kwa mara ya kwanza maishani mwake, moja kwa moja hadi mlangoni, na pale akalishika begi kwa mikono miwili.

Nilikaa chini vumbini. Nilicheka, na machozi yakanitoka humohumo. Mama alisimama mlangoni, akamtazama mjukuu wake, akanitazama mimi.

"Khalas, imekwisha," akasema. "Sisi tunatangulia. Wewe utatukuta njiani."