Mwalimu wa Vibao vya Magurudumu

Mwalimu wetu wa michezo alinyang'anywa ukumbi, akahamishiwa koridoni na vibao vyake vya magurudumu, eti ni vitu vya hatari, tena vya kuchezea. Kana kwamba watoto wa darasa la pili huja shuleni kukagua hesabu za serikali. Hakulalamika. Aliendelea kuzungusha kila gurudumu kwa kidole gumba, akilisikiliza, ndipo aseme kwa sauti yake ya chini, "Vidole ndani, wanangu." Kazi ya kulalamika niliichukua mimi, mwenye shahada mbili na sauti inayofika getini. Nilimwita mwalimu mkuu, nikakikalia kibao ili nimthibitishie usalama wake. Kibao kikaenda zake. Mimi nikabaki sakafuni.

"Si nilisema ni hatari?" akauliza mkuu.

"Ni Madamu aliyekaa vibaya!" darasa zima likamjibu.

Mwalimu wa michezo hakucheka. Alilala kifudifudi juu ya kibao kingine, akajisukuma kwa viganja hadi miguuni pa mkuu, akamtelezeshea kile kilichonikimbia. "Zamu yako, Mkuu. Tumbo katikati."

Tangu tarehe kumi na mbili Mei, ukumbi ni wao kila Jumanne na Alhamisi. Mkuu huchezea timu nyekundu. Mimi nimekabidhiwa kipenga, na nimeagizwa nisimame.