Sekunde Thelathini za Minza

Saa mbili asubuhi, Machi 2006, upepo wa Sumbawanga unatikisa mabati ya hospitali moja binafsi, na Minza Bundala, fundi wa kompyuta wa hapo, amevaa sweta mbili. Mbele yake, ofisini kwa wauguzi, ipo swichi, kisanduku cha chuma chenye matundu ya kuchomekea nyaya za kompyuta. Nyuma yake amesimama mganga mkuu, Dakta Modesti, mikono kifuani.

"Leo ikikwama tena, tunarudi kwenye madaftari," anasema daktari. "Na wewe unarudi kwenu Mtowisa."

Hatanii. Wiki mbili zilizopita majibu ya maabara hayakufika wodini kwa siku mbili nzima. Kisa chenyewe kinachekesha na kutia huruma: mzee Zenon, mfagizi asiyevumilia kitu kukaa ovyo, alikuta waya unaning'inia, akauchomeka kwenye tundu lililokuwa wazi.

"Niliona unatia aibu, mwanangu, nikausitiri," anaeleza mzee huyo, bado na haya usoni.

Ulikuwa waya wa akiba kutoka maabara. "Njia zikawa mbili, ujumbe ukaanza kuzunguka," anasema Minza. "Unazunguka, unajizidisha, mpaka hata jibu moja la malaria halina pa kupita."

Daktari akaamuru waya wa pili ukatwe. Minza, binti wa wafugaji anayelipwa shilingi laki moja na nusu kwa mwezi, akamwomba asubiri. Waya wa kwanza umepita kando ya shamba la mahindi, na kila msimu wa kulima majembe huukata. Aliomba siku saba. Amezimaliza na kitabu cha Kiingereza chenye kurasa mia nne, kamusi pembeni.

Humo alijifunza kwamba swichi zinaweza kuchagua kiongozi, zikailaza njia moja na kuiamsha pale nyingine inapokatika. Zilipoachiwa zichague zenyewe, zilichagua swichi kuukuu iliyoko stoo! Jana Minza aliipa ile mpya ya maabara namba ndogo, maana kwao mwenye namba ndogo ndiye mkubwa.

"Naomba uchomoe waya wa kwanza, daktari."

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe mwenyewe."

Anachomoa. Kompyuta inaganda. Sekunde kumi. Nesi Fransiska, anayesubiri majibu ya mtoto mwenye homa, anajishika mdomo. Ishirini. Thelathini, na taa ya waya wa pili inageuka kijani. Majibu ya mtoto yanatokea kwenye kioo.

Hakuna aliyegusa kitu. Vyuma vimeulizana, vikajibizana, vikakubaliana. Minza mwenyewe, aliyeviandikia amri, anasisimka mwili mzima.

"Mungu wangu," ananong'ona mzee Zenon, na kuvua kofia.

Sasa Minza anataka mtandao ufike wodi ya wazazi, ambako wauguzi bado wanakimbiza karatasi kwenye mvua. Anamwambia daktari kwamba kwa kuanzia waya mmoja utatosha.

Dakta Modesti bado ameushika ule aliouchomoa.

"Vuta nyaya mbili," anasema.