Ndoo ya Sarafu kutoka Turiani

Sarafu yangu ya kwanza ilitoka ardhini. Mama alikuwa akipalilia tangawizi kwenye shamba la ukoo kule Kinole, jembe likagonga kitu, akakiokota akidhani ni kifuniko cha soda. Alipokisugua kwa ncha ya kanga, likaonekana taji upande mmoja na maandishi ya Kijerumani upande wa pili. "Hii ndiyo hela yenyewe," akaniambia, "iliyozaa neno hela." Sijui nani alimfundisha, maana shule aliishia darasa la nne, lakini alikuwa sahihi. Nilikuwa na miaka tisa. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa sarafu: senti kumi zenye tundu katikati, senti hamsini za sungura, shilingi za mwenge ambazo watoto wangu hawajawahi kuzitumia kununulia chochote.

Mimi ni fundi wa maabara chuoni Mazimbu. Kazi yangu ni kupima. Napima udongo, napima maji, napima unga wa mihogo, na kila kipimo nakiandika mara mbili. Nayasema haya mapema kwa sababu yaliponipata yaliyonipata, kila mtu aliniambia, "Pole, ulikuwa hujui." Nilijua. Na hilo ndilo linaloniuma.

Nilijiunga na kundi la mnada wa mtandaoni la watu wanaouziana vitu vya kale. Mwanzoni nilinunua sarafu moja moja. Ukinunua sarafu moja unaomba picha ya mbele, ya nyuma na ya ukingo, unauliza uzito, unalinganisha na vitabu, unaamua. Hatari yake inashikika mkononi. Mzigo mkubwa ni habari nyingine. Hakuna atakayekupigia picha sarafu elfu mbili, kwa hiyo unachonunua hasa ni maneno ya muuzaji. Nilikuwa nimejiwekea sharti: nisichoweza kukigeuza nikakitazama mgongoni, sikinunui kwa wingi.

Halafu likaja tangazo lile. "Mkusanyiko wa marehemu mzee wa Turiani, mfanyakazi wa sukari kwa miaka mingi. Kilo kumi na nne. Haujachaguliwa. Unauzwa kama ulivyo." Kulikuwa na picha saba, na ndani yake rupia za fedha za enzi ya Mjerumani, nzito, nyeusi kidogo kwa umri, zimelala juu ya kitambaa chekundu.

Nilizikuza picha zile moja baada ya nyingine. Rupia moja ilikuwa na pengo dogo ukingoni, kama mahali palipowahi kuungwa kipete ili ivaliwe shingoni. Pengo lile nililiona kwenye picha ya kwanza, ya tatu, ya nne na ya saba. Maana yake zile rupia zilizoonekana kuwa nyingi zilikuwa zilezile sita, zimepangwa upya. Niliona. Nikamwandikia muuzaji.

"Habari za kazi. Rupia ziko ngapi kwa jumla?"

"Salama mkuu. Hatujahesabu, ziko za kutosha. Familia ina haraka."

"Naweza kuja kuziona?"

"Mzigo uko Dar, mkuu. Wateja ni wengi, atakayewahi ndiye wake."

Majibu mawili, na yote mawili yalikuwa ya kumkimbia mtu. Mwanafunzi akiniletea matokeo ya namna ile maabara ningemrudisha akapime upya. Lakini nilijidanganya kwa hesabu yangu mwenyewe: nikasema hata kama rupia ni hizo sita tu, na senti ni za kawaida, bado fedha yangu itarudi. Nikaweka dau. Mtu mmoja mwenye picha ya waridi akalipandisha. Nikapanda. Akapanda. Ilikuwa Ijumaa saa kumi jioni, vyombo vya maabara havijaoshwa, nami nimeinamia simu kama mtoto. Waridi alinyamaza pale nilipofika mshahara wa mwezi mmoja na nusu, akiba niliyokuwa nimeiweka ya tangi la maji. Baadaye, nilipokwisha kuumia, ndipo nilipopitia minada yote ya muuzaji yule. Waridi alikuwamo katika kila mmoja, na hajawahi kushinda hata mara moja.

Mzigo niliupokea stendi ya Msamvu, ndoo ya rangi ya lita ishirini iliyozungushiwa tepu. Nyumbani tuliifungua mimi na dada yangu juu ya mkeka. Rupia sita zilikuwa juu. Nikaichukua ya kwanza, na kabla ya kuiweka kwenye mizani, kidole kilishajua. Rupia halali ina gramu kumi na moja na ushee. Ile ilikuwa na gramu nane. Ya pili, nane. Zote sita, nane, zenye vitundu vidogo vya chuma kilichomiminwa kwenye kalibu ya udongo. Na hakuna hata moja iliyokuwa na pengo.

Chini yake senti za zamani kweli, lakini zimesuguliwa kwa mchanga na ndimu mpaka sungura amepoteza masikio. Chini zaidi, sarafu za shilingi mia na za hamsini za siku hizi, zilizoharibika. Chini kabisa, washa. Zile pete bapa za chuma zinazowekwa chini ya nati, za ukubwa wote, kilo kadhaa.

"Hizi nazo ni za Mjerumani?" dada aliuliza, akaishika moja akachungulia kwenye tundu. Kisha akaniona uso, akaiweka chini.

Kwenye sakafu ya ndoo, ndani ya mfuko wa nailoni, kulikuwa na daftari la shule lenye jalada gumu. Nadhani yule mtu alilitupia humo ili mzigo uonekane wa kweli, au alilisahau. Ndani kulikuwa na mwandiko wa kalamu ya bluu, ulionyooka, wa mtu asiye na haraka. Kila sarafu ilikuwa na mstari wake. "Senti tano, imeokotwa kwenye mtaro wa miwa baada ya mvua." "Shilingi ya kwanza ya mshahara wa kwanza, sikuitumia." "Rupia yenye pengo, mama mkwe alimvisha mke wangu siku ya ndoa." Rupia peke yake zilikuwa kumi na saba. Katika ndoo yangu hakuna hata moja ya zile alizoziandika.

Nilimwandikia muuzaji. Akajibu maneno mawili: "Kama ulivyo." Kisha akanifungia. Nikamgeukia msimamizi wa kundi, nikamtumia picha za mizani na za washa. Kwa hasira sikuandika, nilimtumia ujumbe wa sauti. Mpaka hapo walikuwa wakiniita mkuu. Aliposikia sauti ya mwanamke, lugha ikabadilika.

"Dada, mnadani hakuna marejesho," alisema, na nilimsikia akitabasamu. "Haya mambo yanataka uzoefu. Chukulia hiyo ni ada ya shule."

Ada ya shule! Mtu ameniuzia washa, halafu mwenzake ananipongeza kwa kuhitimu. Nikalichukua lile daftari nikaanza kulipekua.

Nyuma ya daftari mzee alikuwa ameandika jina lake, kitengo chake kiwandani na mtaa wake. Jumamosi iliyofuata nikaenda Turiani. Lazima niseme ukweli: sikwenda kwa wema. Niliamini kwamba familia ndiyo iliyochambua vizuri ikanibakizia takataka, na nilikwenda kugombana. Njia nzima, kando ya miwa na majaruba ya mpunga, nilikuwa nikipanga maneno.

Mlango ulifunguliwa na mama wa miaka sabini na kitu, mwembamba, amejifunga kanga mbili. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Nilitoa daftari kwenye mkoba kabla hata ya kukaa. Aliliona, akaegemea fremu ya mlango. Hakulipokea mara moja. Alinyoosha kidole akaligusa jalada, kama mtu anayepima joto la chungu.

"Umelitoa wapi?"

Nikamweleza. Na yeye, taratibu, akanieleza yake. Miezi minne baada ya kumzika mumewe alikuja kijana mmoja nadhifu, shati limepigwa pasi, amebeba kamera. Alisema yuko kwenye mradi wa kuhifadhi historia ya wafanyakazi, kwamba sarafu za mzee zitapigwa picha, zitawekwa kwenye kioo zikiwa na jina lake chini, na baada ya wiki mbili zitarudi. Alimpa karatasi yenye mhuri. Alimwachia zawadi ya kanga na sukari kilo mbili.

"Sukari," yule mama alirudia. "Mume wangu amesaga miwa miaka thelathini na moja. Akaniletea sukari."

Karatasi alinionyesha. Mhuri ulikuwa wa duka la vipuri vya pikipiki.

"Kwa hiyo hukuuza?" niliuliza.

"Nimuuzie nani? Nimuuzie nini? Watoto wangu wawili wako Mwanza, hata wao sijawaambia, naona aibu." Kisha akaniangalia sawasawa. "Na wewe ukanunua."

"Niliambiwa familia inauza, mama."

"Uliomba kuongea na familia?"

Muuzaji nilimuuliza zipo ngapi. Niliuliza kama naweza kuziona. Nilipima kila hatari iliyoweza kunipata mimi: uzito, bandia, bei, usafirishaji. Kwamba upande wa pili wa mzigo ule kulikuwa na mtu aliyeporwa, hilo halikuwa kwenye mizani yangu. Muuzaji alikuwa ameandika "marehemu" kwenye tangazo, nami nikaliona neno lile kama dalili nzuri, kwamba mkusanyiko ni wa zamani na haujachezewa. Nilifurahia kifo cha mume wa mtu. Nilimwomba radhi. Alinimiminia kikombe cha uji, kisha akasema, "Kaa basi, uji unapoa."

Siku hiyohiyo tulikwenda pamoja kituo cha polisi. Askari alitusikiliza vizuri, akaandika, akatupa namba ya jalada. Alituambia waziwazi kwamba laini ya simu ya muuzaji pengine imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, na kwamba tusitarajie haraka. Yule mama aliikunja ile karatasi ya namba mara nne akaiweka kwenye pindo la kanga.

Mimi sikuweza kusubiri. Kwa ruhusa yake nilipiga picha kurasa sita za daftari, nikaziweka kwenye kundi la mnada pamoja na zile picha saba, nimezungushia duara lile pengo mara nne. Nikaandika chini yake: "Sarafu hizi hazikuuzwa na familia. Zimechukuliwa kwa hila kwa mjane. Mwenye nazo ajue." Majibu yalikuja ndani ya dakika. Mmoja alisema nalia kwa sababu nimeshindwa biashara. Mwingine aliuliza wajane na sarafu wapi na wapi. Msimamizi alinitoa kwenye kundi kwa kosa la kuharibu mnada. Wale wote walikuwa watu wazima, wengine najua wana heshima makazini kwao, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mama yule anaendeleaje.

Nakosea. Mmoja aliuliza. Wiki ya pili nilipigiwa simu na mstaafu wa Tanga, mwalimu, mwenye sauti ya upole na kikohozi. Alikuwa amenunua rupia nne kwa muuzaji yuleyule, na picha zangu alizikuta kabla hazijafutwa.

"Moja ina pengo, binti yangu," alisema. "Tangu nilione daftari silali. Nizitume wapi?"

"Mzee, ulizilipia."

"Nililipa. Lakini nisingeweza kumwonyesha mtu tena."

Alizituma zote nne kwa gharama yake. Nilizipima, maana siwezi kuacha: gramu kumi na moja na ushee, kila moja. Nikazipeleka Turiani. Nilidhani mama atalia akiipata ile ya ndoa. Aliigeuza kiganjani, akasema mama yake aliwahi kuirehani mara mbili wakati wa njaa na kuigomboa mara mbili, na kwamba ilikuwa ikimwasha yeye mwenyewe shingoni. Kisha akachukua kalamu, akafungua daftari la mumewe, akaweka alama ya vema kwenye mistari minne. Mistari kumi na mitatu ya rupia ilibaki mitupu, na senti zote, na shilingi ile ya mshahara wa kwanza.

Hazijapatikana mpaka leo. Muuzaji amerudi kwa jina jingine, dada yangu, niliyemwingiza kundini na ambaye hawakumtoa, amemwona, tangazo ni lilelile, safari hii marehemu ni wa Kilosa. Nimelipeleka tangazo hilo kwa askari wetu, akaliambatisha kwenye jalada. Minada ya mizigo nimeacha. Watu wakiniambia kwa upole kwamba angalau nimejifunza, damu inanichemka upya, kwa sababu katika mkasa huu mzima wanaoambiwa wajifunze ni mimi na yule mama tu.

Juzi yule mama alinipigia simu. Alianza kwa kuniuliza habari za watoto na za kazi, kisha akasema kuna kijana mwingine amekuja mtaani, anaulizia sahani za udongo za zamani na picha za kiwandani. Kijana huyo alikuwa ameketi kwa jirani, tayari ameletewa chai.

"Nikaingia," alisema. "Nikamwomba kitambulisho. Akasema amekiacha kwenye gari. Nikamwambia, nenda kakilete, chai tutaifunika."

"Akakileta?"

"Ile chai nimeinywa mimi."